Winga fundi: ashuke kukaba, abaki juu, au akabie mbele?

Aprili 28, 2010, nusu fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona pale Camp Nou, Samuel Eto'o alicheza beki. Kwenye orodha ya kikosi alikuwa mshambuliaji wa pembeni, yaani winga, wa Inter Milan, lakini dakika ya 28 Thiago Motta akalimwa kadi nyekundu, na mtu aliyekuwa amefunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka mmoja kabla, tena akiwa na jezi ya Barcelona haohao, akashuka mpaka usawa wa mabeki wake na kukaa huko karibu usiku mzima. Barcelona walipata bao moja tu, la Gerard Piqué dakika ya 84. Inter wakapita kwa jumla ya mabao 3-2, kisha wakaenda Madrid kuwafunga Bayern 2-0 na kubeba kombe. (Aliyeingia kumpokea Eto'o dakika ya 86 ni Mkenya McDonald Mariga. Kuna watu Nairobi wanaikumbuka mechi ile kwa hilo tu.)

Aprili 30, 2014, kocha ni José Mourinho yuleyule aliyekuwa na Inter 2010, sasa yuko Chelsea. Ni nusu fainali ya marudiano tena, na mpinzani ni timu ya Hispania tena, Atlético Madrid. Ubao unasoma 1-1 Stamford Bridge, Chelsea wanahitaji bao, Mourinho anamtoa beki wake wa kushoto Ashley Cole dakika ya 54 na kumwingiza Eto'o. Dakika sita baadaye Eto'o yumo ndani ya kumi na nane (eneo la penalti) ya timu yake mwenyewe, anamwangusha Diego Costa. Penalti. Costa anaiweka nyavuni, Atlético wanamaliza kazi kwa 3-1.

Mchezaji mmoja, kocha mmoja, kazi ileile ya kurudi kusaidia. Mara ya kwanza iliwapeleka fainali, mara ya pili iliwatupa nje. Ndiyo maana kocha akiuliza kama winga wake mwenye kipaji akabe au aachwe, mimi naanza na maswali mawili: beki aliye nyuma ya huyo winga ni nani, na kiungo wa upande wake ni nani? Winga asiyekaba haifuti ile kazi, anamwachia mwingine. Kama huwezi kumtaja huyo mwingine kwa jina, bado hujachagua, unabahatisha.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu, na zote zimeshabeba makombe makubwa. Ya kwanza, winga anashuka na beki wa pembeni wa wapinzani mpaka chini. Ya pili, anaachwa juu na timu inapanga watu wengine kuziba upande wake. Ya tatu, anakaba, lakini anakaba mbele, karibu na lango la wapinzani, na mpira ukishampita hatakiwi kuufuata mita sabini.

Kushuka mpaka chini

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila mtu anaielewa. Beki wao akipanda, wewe unaye. Beki wako wa kushoto hapambani na watu wawili, kiungo mkabaji habanduki katikati, na timu inakaa katika mistari miwili ya watu wanne ambayo hata vijana wa kidato cha pili wanaweza kuichora ubaoni. Kwa mechi moja ya mtoano, dhidi ya timu iliyokuzidi kila kitu, sijaona njia iliyo salama zaidi.

Gharama yake iko miguuni. Uwanja wa kawaida wa mashindano ya kimataifa una urefu wa mita 105. Ukitoa kumi na nane zote mbili, ambazo kila moja inachukua mita 16.5, zinabaki mita 72. Winga aliyepiga krosi kutoka pembeni mwa kumi na nane ya wapinzani, kisha akatakiwa kumkaba mtu ukingoni mwa kumi na nane yake, ana mita hizo za kukimbia, tena mbio kamili, si mchakamchaka. Afanye hivyo mara ishirini katika mechi, ni mita 1,440 za mbio za kurudi peke yake. Na zile mbio za kwenda mbele, ambazo ndizo ulizomsajilia, zinatoka kwenye mapafu hayohayo. Ukimwona winga wako dakika ya 70 amepokea mpira, ana beki mmoja mbele yake, na badala ya kumfuata anarudisha pasi nyuma, usikimbilie kusema ameogopa. Huenda pumzi yake umeshaitumia upande wa pili.

Gharama ya pili haizungumzwi sana, nayo ndiyo iliyomkuta Eto'o kule London. Mshambuliaji akiwa ndani ya kumi na nane yake ni mtu hatari kwa timu yake. Anafika akiwa na kasi, anatokea nyuma ya mpinzani, na maisha yake yote amezoea kunyoosha mguu kuuwahi mpira. Beki aliyelelewa kuwa beki huwa anasimama, anafunga njia, anasubiri. Fainali ya Kombe la Dunia Desemba 18, 2022, Argentina na Ufaransa, ilifunguliwa hivyohivyo: Ángel Di María, ambaye kocha wa Argentina Lionel Scaloni alimpanga kushoto na kuwashangaza wengi, alimgeuza winga wa Ufaransa Ousmane Dembélé pembeni akaingia ndani. Dembélé akamfuata kwa nyuma, akamgusa mguu, mwamuzi akaweka mkono kwenye alama ya penalti. Messi akafunga dakika ya 23. Kabla ya mapumziko kocha wa Ufaransa Didier Deschamps alikuwa ameshamtoa Dembélé. Mshikeni huyu Dembélé, tutarudi kwake.

Halafu kuna suala la moyo. Eto'o wa 2010 alikuwa na miaka 29 na tayari ana makombe mawili ya Ulaya. Hakuwa na cha kumthibitishia mtu, akaamua. Eden Hazard wa 2014 alikuwa na miaka 23. Katika ileile mechi ya Atlético, kabla ya mapumziko, Tiago wa Atlético alipiga mpira mrefu wa kukata uwanja kwenda kulia. Juanfran, beki, alikuwa ameshapita mgongoni mwa Hazard. Akaurudisha ndani na Adrián akasawazisha. Baada ya mechi Hazard aliwaambia waandishi kwamba Chelsea haikujengwa kucheza mpira, inajua tu kushambulia kwa kushtukiza. Mourinho naye akajibu hadharani kwamba Hazard si aina ya mchezaji aliye tayari kuishi kwa ajili ya beki wake wa kushoto. Wote wawili walikuwa na hoja, na hiyo ndiyo shida ya njia hii: unaweza kumlazimisha mtu akimbie kurudi, lakini huwezi kumlazimisha ageuze shingo kuangalia nani yuko mgongoni kwake.

Kumwacha juu

Hapa wengi wanakosea kwa kudhani ni suala la upendeleo, kwamba staa amepewa likizo. Zikifanywa vizuri, hesabu za njia hii ni kali kuliko zile za kwanza.

Chukua Real Madrid ya Carlo Ancelotti, 2013/14. Cristiano Ronaldo anaanza kushoto katika 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu). Mpira ukipotea, harudi. Anayekwenda kuziba kushoto ni Di María, ambaye msimu ule aligeuzwa kuwa kiungo wa kati anayeegemea upande huo. Gareth Bale anashuka kulia, Luka Modrić na Xabi Alonso wanabaki kati, na ghafla una 4-4-2, Ronaldo na Karim Benzema wakiwa wamesimama mbele kusubiri. Aprili 29, 2014 mfumo huo ulikwenda Munich na kuondoka na ushindi wa 4-0. Bao la tatu ndilo la kuangalia: Madrid wanaupata mpira, unatoka haraka mbele, Bale anampa Ronaldo ambaye hakuwa na haja ya kukimbia kutoka kwenye kumi na nane yake kwa sababu hakuwahi kwenda huko. Alimaliza Ligi ya Mabingwa ile na mabao 17.

Watu walimwimba Ronaldo. Aliyelipa gharama ni Di María, na kwenye fainali ya Lisbon ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mechi. Miezi mitatu baadaye akauzwa Manchester United. Msimu uliofuata La Liga na Ligi ya Mabingwa zote zilikwenda Barcelona. Sisemi ni kwa sababu hiyo pekee, ila kocha anayemwacha winga wake juu halafu anakubali yule mfanyakazi wa nyuma auzwe, anavunja nyumba kuanzia kwenye nguzo.

Ufaransa ya 2018 ilifanya hesabu hiyohiyo kwa mtindo mwingine, na kwa timu nyingi nadhani ndio mtindo rahisi kuiga. Kulia yuko Kylian Mbappé mwenye miaka 19. Kushoto, ambako ungetegemea winga mwingine wa chenga, Deschamps alimweka Blaise Matuidi, kiungo wa kukaba aliyepelekwa pembeni. Winga mmoja fundi, winga mmoja kibarua. Mizani ikakaa. Argentina walipigwa 4-3 Kazan, Croatia 4-2 kwenye fainali.

Miaka minne baadaye Mbappé yuko kushoto na haendi nyuma kabisa. Kwenye robo fainali dhidi ya England, Bukayo Saka aliupasua upande ule wa Ufaransa mara kwa mara, na penalti ya pili ya England ilitokana na Theo Hernández, beki wa kushoto, kumsukuma Mason Mount. Hiyo ndiyo bei. Lakini tazama upande wa pili wa risiti: Kyle Walker, mmoja wa mabeki wenye kasi zaidi duniani wakati ule, alibaki nyuma muda mrefu kumlinda Mbappé. Beki wa kulia anayeweza kupanda alikuwa amefungwa kamba na mtu ambaye hata hakuwa amegusa mpira. Ufaransa wakashinda 2-1. Hicho nacho ni kukaba, ila hakionekani kwenye takwimu za kunyang'anya mipira.

Tumrudie Hazard. Septemba 24, 2016 Chelsea walichapwa 3-0 na Arsenal, na kocha wao Antonio Conte akabadili mfumo kuwa 3-4-3. Nyuma ya Hazard akawepo Marcos Alonso, ambaye kazi yake ni kupanda na kushuka ule upande wote. Nyuma ya Alonso kuna beki wa tatu wa kati. Pembeni yao N'Golo Kanté na Nemanja Matić. Watu watatu hadi wanne waliokuwa tayari kuziba. Hazard akaruhusiwa kusimama mita ishirini juu zaidi, katika upenyo kati ya beki wa kulia na beki wa kati wa wapinzani. Chelsea walishinda mechi 13 mfululizo za ligi, wakabeba ubingwa na pointi 93, Hazard akiwa na mabao 16. Mtu ni yule ambaye miaka mitatu kabla aliambiwa hajitoi. Kilichobadilika ni watu waliowekwa nyuma yake.

Na ili tusimwonee Mourinho: yeye mwenyewe alichukua ubingwa na Hazard huyohuyo 2014/15, Hazard akawa mchezaji bora wa mwaka wa Uingereza. Nyuma yake alimpanga César Azpilicueta, beki wa mguu wa kulia anayecheza kushoto, asiyepanda ovyo, huku Filipe Luís, beki mpandaji aliyenunuliwa kutoka Atlético, akikaa benchi sehemu kubwa ya msimu. Ukitaka kujua kocha ameamua nini kuhusu winga wake, usisikilize mikutano ya waandishi. Angalia anampanga nani namba tatu, yaani beki wa kushoto.

Njia hii ina sharti moja lisilojadilika: aliyeachwa juu lazima afunge. Mohamed Salah alilieleza waziwazi mwenyewe mwishoni mwa msimu wa 2024/25, kwamba alimwambia kocha wake Arne Slot ampunguzie kazi ya kukaba, naye atamlipa kwa mabao. Alilipa kweli: mabao 29 na pasi za mabao 18 kwenye ligi, Liverpool wakawa mabingwa, huku Dominik Szoboszlai akikimbia mbio za watu wawili upande ule wa kulia. Mkataba wa aina hiyo hausamehe mwezi mmoja mbaya. Winga wa mabao matano kwa msimu akiomba masharti ya Salah, anaomba mkopo bila dhamana.

Kukabia mbele

Mei 31, 2025, Munich tena, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Yann Sommer, kipa wa Inter, anaweka mpira chini apige mkwaju wa goli. Ukingoni mwa kumi na nane, Ousmane Dembélé ameinama, magoti yamekunjwa, macho hayabanduki kwa kipa, kama mkimbiaji anayesubiri bastola ilie. Sommer akitoa tu pasi fupi, Dembélé ameshafyatuka. PSG walishinda 5-0. Kocha wake Luis Enrique alisema baada ya mechi kwamba angempa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, kwa jinsi alivyokaba tu. Septemba akaipata.

Ni Dembélé yuleyule wa penalti ya fainali ya Qatar 2022. Hakuwa amejifunza kuwa beki. Alihamishwa tu kutoka sehemu ambayo kukaba kwake ni hatari kwa timu yake hadi sehemu ambayo ni hatari kwa wapinzani, na akasogezwa katikati zaidi. Akikosea kule juu, mpira bado uko mita themanini kutoka kwa kipa wake. Akipatia, bao linanukia. Zile sifa zinazomfanya winga awe winga, yaani mwendo wa ghafla wa mita kumi, kubadili mwelekeo, ujanja wa kusoma mguu wa mtu, ndizo hizohizo zinazohitajika kumnyang'anya beki mpira. Kwa hiyo humwombi awe mtu mwingine.

Jürgen Klopp aliijenga Liverpool yake juu ya wazo hilo, Salah na Sadio Mané wakibana mabeki wa kati kutokea nje kwenda ndani, huku kina Jordan Henderson na Georginio Wijnaldum wakitoka katikati kwenda kuziba pembeni. Watu wengi walimsifu Roberto Firmino kwa kukaba, sawa, lakini mfumo mzima ulikuwa unaegemea viungo watatu ambao hawakufunga sana na hawakulalamika.

Ubaya wake? Ni njia ya timu nzima. Winga mmoja akifyatuka peke yake na wenzake wamesimama, amechoka bure, na nyuma yake ameacha shimo kubwa kuliko kama angekaa. Safu ya ulinzi lazima isogee juu, kipa awe tayari kutoka, na kila mtu ajue ishara: pasi ya kurudi nyuma, beki aliyepokea akiwa ameligeukia lango lake, mpira uliodunda vibaya. Haya yanataka mazoezi ya wiki nyingi. Timu inayokutana Jumamosi asubuhi kabla ya mechi isijidanganye. Pia inakula pumzi, ingawa hapo sheria ya kubadili wachezaji watano, iliyoanza kama ya muda 2020 na kufanywa ya kudumu 2022, imeisaidia kuliko njia nyingine zote: unaweza kumchoma winga wako dakika 65 halafu ukaingiza mwingine mbichi.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa usalama wa mechi moja, kushuka chini kunaongoza. Kwa msimu mzima, ndiko kunakoua winga mapema, maana mabao yake yanapungua polepole na hakuna anayeona sababu. Kumwacha juu ni kinyume chake: utafungwa mabao mepesi mawili matatu upande wake na mashabiki watapiga kelele, lakini kwenye msimamo unaweza kuwa juu.

Nani anaumia? Ya kwanza anaumia winga. Ya pili anaumia beki wa pembeni na kiungo wa karibu, na hawa lazima uongee nao kabla, si baada. Ya tatu wanaumia wote kidogo kidogo.

Mpinzani naye anaamua. Kama beki wao wa pembeni hapandi, mjadala wote ni wa bure. Mwache kijana wako juu, hana wa kumkaba. Kama beki wao ndiye injini ya mashambulizi, hapo una machaguo mawili ya kweli: umshushe winga, au umwache juu makusudi uone nani ataogopa kwanza. Makocha wengi waoga wanachagua la kwanza bila hata kujaribu la pili kwa dakika ishirini. Walker hakubaki nyuma kwa sababu Mbappé alimfuata. Alibaki kwa sababu Mbappé hakumfuata.

Kwa viwanja vyetu

Mashabiki wa Simba wamebishana miaka kuhusu Kibu Denis. Mabao yake ni machache kwa mshambuliaji wa klabu kubwa, na kila dirisha la usajili kuna anayeuliza anafanya nini kikosini. Makocha waliopita pale, mmoja baada ya mwingine, wakaendelea kumpanga. Jibu ni la Matuidi: ukiwa na fundi upande mmoja, unahitaji mtu wa upande wa pili atakayekimbia kwenda na kurudi bila kudai mpira. Jangwani, kwa Yanga, nako Maxi Nzengeli amependwa kwa kuweza kufanya yote mawili, ufundi na ukibarua, kwa kiasi, na wachezaji wa aina yake ni adimu. Ukimpata usimuuze haraka.

Ila winga fundi wa timu ya mtaa au ya daraja la chini anakabiliwa na mambo ambayo Munich hayapo. Jua la saa tisa alasiri. Uwanja wenye nyasi upande mmoja na mchanga upande mwingine, kiasi kwamba kipindi cha pili winga wako anahamia upande ambao chenga haziwezekani. Beki wa kushoto ambaye kwa kweli ni straika aliyekosa namba. Katika hali hiyo, kumshusha winga kwa dakika 90 ni kumtoa mchezoni saa kumi kasoro.

Mimi ningefanya hivi. Kijana wa chini ya miaka 17 nisingemwacha juu kabisa, hata akiwa na kipaji cha kutisha, kwa sababu siku akipanda daraja atakutana na kocha asiye na Di María, na itakuwa amechelewa kujifunza. Lakini nisingemshusha mpaka kumi na nane pia. Ningemchorea mpaka: mpira ukipotea, sekunde tano au sita za kwanza anabana hapohapo alipo kwa nguvu zote. Ukimpita, anarudi hadi hatua chache ndani ya nusu yetu, anafunga njia ya ndani ili beki wao alazimike kupita nje, na hapo anaishia. Asinyooshe mguu. Kazi yake ni kuchelewesha tu, mpaka kiungo afike. Kuanzia hapo kwenda chini ni kazi ya namba tatu na namba sita (kiungo mkabaji), nao waambiwe hivyo mbele yake, kwa majina, ili asiwepo wa kumnyooshea mwenzake kidole bao likiingia.

Kwa timu ya watu wazima yenye namba tatu mwenye kasi asiyependa kupanda, na kiungo mmoja wa mapafu, ningemwacha fundi juu bila kuomba radhi kwa mtu, mradi upande wa pili nina kibarua. Mafundi wawili pembeni zote mbili, na wote hawarudi, hiyo sijaiona ikidumu popote, hata kwenye klabu zenye fedha za kununua kila mtu.

Na kama ni mechi ya mtoano, unaongoza 1-0, zimebaki dakika ishirini na wapinzani wanamimina krosi, usimshushe fundi wako akakabe kwenye kumi na nane. Mtoe. Ingiza beki wa pili wa kushoto, mweke mbele ya yule wa kwanza, na fundi akae benchi avae koti. Mourinho dakika ya 54 alifanya kinyume: alimtoa beki, akamwingiza mshambuliaji, na dakika ya 60 mshambuliaji huyo alikuwa anakaba mahali pa beki.